Wakati wa kusubiri na wakati wa kukimbia: miaka minne na kisukari cha binti yangu

Binti yangu alikuwa ameacha nepi kwa miezi mitano, kisha akaanza tena kukojoa kitandani. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza tuliyoiona, na tuliichukulia kuwa ni utoto tu. Mama yake alihisi ni wivu, kwa kuwa mdogo wake alikuwa ndiyo kwanza amezaliwa. Mimi niliona anakunywa maji mengi mno jioni, nikawa namnyang'anya kikombe. Hilo la kikombe linaniuma hadi leo. Mtoto wa miaka miwili na miezi kumi anaamka usiku analia, "Maji, baba, maji," nami namwambia alale, asubuhi atakunywa. Siku moja nilimkuta bafuni anateka maji ya kuogea kwa viganja na kuyanywa.

Zilipita wiki mbili hivi. Nguo zikaanza kumpwaya, mbavu zikahesabika, na yeye aliyekuwa hatulii akawa mtu wa kulala kutwa nzima. Tulimpeleka kituo cha afya. Walisikia habari ya mkojo wa mara kwa mara, wakasema ni maambukizi ya njia ya mkojo, tukarudi na chupa ya dawa. Hakuna aliyemtoboa kidole. Najua sasa kwamba ugonjwa huu kwa watoto wadogo hujificha ndani ya magonjwa mengine. Akitapika, mtu ataona ni tumbo. Akihema kwa nguvu, ataona ni nimonia. Lakini kupima sukari kwa tone la damu ni kazi ya sekunde chache. Kama una mtoto ambaye kiu, mkojo mwingi, uchovu na kukonda vimemjia kwa pamoja, usisubiri kama tulivyosubiri sisi. Omba apimwe sukari siku hiyohiyo, na ukiambiwa si lazima, omba tena.

Siku ya tatu ya dawa ile alianza kutapika. Usiku akawa anahema kwa kina na kwa haraka kama aliyetoka mbio, na huku amelala. Pumzi yake ilinuka kama tunda lililoiva hadi kuanza kuchacha. Tukakimbilia hospitali nyingine. Muuguzi wa zamu alimtazama mara moja tu, akachukua mashine ndogo na kumtoboa kidole. Kioo hakikutoa namba. Kilitoa herufi mbili, HI, maana yake sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kukisoma. Kwa mashine nyingi kiwango hicho ni milimoli 33.3 kwa lita, au 600 kwa wanaosoma kwa miligramu. Mtoto asiye na kisukari, asubuhi kabla ya kula, huwa chini ya 5.6.

Mwili ukikosa insulini, sukari hujaa kwenye damu lakini seli haziwezi kuitumia. Basi mwili unaanza kuyeyusha mafuta ili upate nguvu, na kinachobaki baada ya hapo, yaani ketoni, kinaifanya damu iwe na asidi. Mwanangu alikuwa amefika huko. Nilimsihi daktari aishushe ile sukari haraka iwezekanavyo. Akanijibu kwa upole, "Hapana, baba. Hii tutaishusha polepole. Tukiikimbiza, ubongo wake unaweza kuvimba." Wakampa maji ya dripu kwa hesabu, insulini kidogo kidogo, wakawa wanampima kila saa. Ilichukua karibu siku mbili. Nilikaa pale nikiangalia namba inashuka kwa mwendo ambao niliuona ni wa kikatili, na sikuwa najua kwamba somo lile lingenibidi nilirudie nyumbani kwa gharama kubwa zaidi.

Alipotoka hatarini ndipo tulipoanza kujilaumu. Nilihesabu kila pipi niliyowahi kumletea. Daktari akatukalisha chini, akasema waziwazi kuwa kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na kula sukari. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageuka na kuziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakuna tulichomlisha kilichosababisha hayo, na hakuna tulichoacha kufanya ambacho kingezuia. Nilielewa maneno hayo siku hiyohiyo. Kuyaamini kulinichukua karibu mwaka. Nashauri ndugu na jamaa waelezwe mapema, na ikiwezekana waelezwe na baba, kwa sababu maneno ya "mlimzoesha vitu vitamu" huwa hayakosekani na mara nyingi humwangukia mama.

Usiku mmoja pale wodini, sina usingizi, nilisoma historia ya insulini kwenye simu. Kabla ya mwaka 1922 mtoto kama wangu alikuwa anaishi miezi, pengine mwaka au miwili, akinyimwa chakula karibu chote ili sukari isipande. Januari 1922, katika jiji la Toronto, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson akawa mtu wa kwanza kudungwa insulini. Dozi ya kwanza haikuwa safi na haikumsaidia sana. Siku 12 baadaye wakamdunga iliyosafishwa vizuri zaidi, sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Nilimaliza kusoma, nikamgeukia mwanangu aliyelala na mrija mkononi, na tangu usiku ule sijawahi kuiona sindano kama adhabu. Ila kumfanya yeye naye aione hivyo ilikuwa kazi nyingine kabisa.

Tulirudi nyumbani na mfuko wa vitu ambavyo wiki moja kabla hatukujua hata majina yake: chupa ya insulini ya muda mrefu ya kudungwa mara moja kwa siku, chupa ya insulini ya haraka ya kabla ya kula, sindano, mashine, vijiti vya kupimia, sindano ya dharura ya glukagoni, na daftari. Alikuwa na kilo 12. Insulini yake yote ya siku nzima haikuzidi yuniti 8. Kwa mtu mzima yuniti moja ni kitu kidogo. Kwa mwanangu, daktari alikokotoa kuwa yuniti moja ya insulini ya haraka inashusha sukari kwa milimoli 12 hivi. Maana yake nusu yuniti inaweza kumtoa 10 na kumfikisha 4. Kwa hiyo tafuta sindano ndogo za mililita 0.3 zenye alama za nusu yuniti, au kalamu inayopiga nusu nusu. Na kila unaponunua, linganisha maandishi ya chupa na ya sindano. Insulini nyingi siku hizi ni ya yuniti 100 kwa mililita, lakini bado zipo za yuniti 40, na kila moja ina sindano yake. Ukizichanganya, mtoto anapata dozi nyingine kabisa.

Wiki za kwanza tulimdunga kwa nguvu, mmoja anashika, mwingine anachoma. Ikafika mahali akisikia mlango wa friji unafunguliwa anakimbilia chini ya kitanda. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyetuokoa. Alisema tumwambie ukweli kila mara, kwamba itauma kidogo na itaisha, na tumpe uamuzi mdogo ulio wake: paja hili au lile, kidole hiki au kile. Usimuulize kama anataka kudungwa, maana hilo si la kuchagua. Tukampa bomba la sindano lisilo na ncha amdunge mwanasesere wake. Baada ya mwezi mmoja alikuwa anakaa mwenyewe na kunyoosha mguu. Tatizo ni kwamba alinyoosha mguu uleule, nasi kwa furaha ya kutosikia kilio tukamwachia, hadi pakafanya uvimbe laini chini ya ngozi. Insulini ikipita kwenye uvimbe kama huo hainyonywi sawasawa. Siku moja inachelewa, siku nyingine inaingia yote. Achague, ndiyo, lakini kati ya sehemu ambazo wewe umezipanga kwa zamu: mapaja, makalio, tumbo, mikono.

Karibu wiki ya saba likatokea jambo lililotuchanganya. Sukari ikatulia yenyewe. Tukawa tunapunguza dozi kila siku, na bado anashuka. Watu wa karibu wakasema amepona. Kuna aliyeleta dawa ya mitishamba, kuna aliyetuambia wazi kwamba tunamtesa mtoto mzima kwa sindano. Na mimi, niliyekuwa nimetamani mno kusikia neno hilo, usiku mmoja sikumdunga ile insulini ya muda mrefu. Sikumwambia mama yake. Asubuhi alikuwa na 21 na ketoni kwenye mkojo. Baadaye nilielezwa kwamba hiki ni kipindi kinachojulikana: seli chache zilizobaki kwenye kongosho, zikipata nafuu kutokana na insulini ya sindano, hufanya kazi kwa muda, wiki kadhaa au miezi, kisha nazo huisha. Dozi inaweza kuwa ndogo sana wakati huo, lakini haiachwi. Mtu akikuambia mtoto amepona, mshukuru kwa upendo wake, kisha mdunge mtoto.

Nikiulizwa kosa lililotuumiza kuliko yote, si hilo. Ni tabia niliyokuwa nayo mwaka mzima wa kwanza, ya kuikimbiza namba.

Baada ya kuchelewa kwetu kule mwanzo nilijiapiza kuwa sitasubiri tena kitu chochote. Namba ikipanda, nachoma. Ikishuka, namwaga sukari. Usiku mmoja, saa tatu, mashine ilisoma 3.4. Chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka na hutibiwa mara moja, kwa hiyo hapo sikukosea. Nilikosea kwenye kiasi. Nilimpa glasi nzima ya juisi, na kwa kuwa bado alikuwa anatetemeka baada ya dakika tano, nikaongeza biskuti. Saa nne na nusu alikuwa 16.8. Nikaanza kuwaza figo, nikawaza macho, nikamdunga yuniti moja. Saa moja baadaye ilikuwa 15.9. Nikaona insulini haifanyi kazi, nikaongeza nusu. Nikalala kwa amani kabisa.

Saa nane mama yake aliamka kumnyonyesha mdogo, akapitisha mkono juu ya shati la mwanetu, limelowa jasho. Macho yalikuwa wazi lakini hayatuoni. Tukaita jina, hajibu. Mashine ikasema 2.1. Nilishika kijiko cha sukari, mama yake akaudaka mkono wangu, "Usimtie kitu mdomoni, hawezi kumeza!" Alikuwa sahihi. Mtoto aliyepoteza fahamu hulazwa ubavu na hapewi chochote mdomoni, atapaliwa. Tulikuwa na ile sindano ya glukagoni, homoni inayolisukuma ini litoe akiba yake ya sukari, lakini maelekezo yake tulikuwa hatujayasoma tangu tulipopewa. Yeye anasoma kwa sauti, mimi nachanganya unga na maji kwa mikono isiyotulia. Ilipita robo saa ndipo akanitazama na kusema, "Baba." Kisha akatapika, jambo ambalo huwa la kawaida baada ya dawa hiyo. Tukampeleka hospitali.

Asubuhi daktari alilifungua daftari letu, akachora mshale kuanzia saa nane akirudi nyuma, hadi kwenye glasi ya juisi. Akaniambia, "Kilichomwangusha kilianzia hapa." Insulini ya haraka huanza kufanya kazi ndani ya dakika 10 hadi 20, hupata nguvu kamili kati ya saa moja na mbili, na hubaki mwilini saa tatu hadi tano. Nilipomchoma ile nusu, yuniti ya kwanza ilikuwa ndiyo kwanza inakolea. Na isingekuwa glasi nzima na biskuti juu yake, nisingechoma kabisa.

Hesabu tuliyopewa siku hiyo tunaitumia mpaka sasa. Mtoto mdogo anahitaji takriban gramu 0.3 za glukosi kwa kila kilo ya uzito. Gramu 15 zinazotajwa mara nyingi ni za watu wazima. Kwa kilo 13 alizokuwa nazo, hiyo ni gramu 4 tu, kijiko kimoja cha chai cha sukari kilichosawazishwa juu, ukikoroga kwenye maji kidogo. Kwa juisi tulichora mstari kwenye kikombe chake kwa kalamu isiyofutika. Chokoleti haifai, mafuta yake huichelewesha sukari. Ukishampa, angalia saa, ngoja dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini, rudia kiasi kilekile. Dakika hizo 15 ni ngumu. Mtoto analia njaa, anatetemeka, na kila kitu ndani yako kinakuambia ongeza. Mimi huwa nampakata na kumhesabia vidole, vyake na vyangu, tukimaliza tunaanza upya. Na inapopanda, kliniki yetu ilitupa sheria ya kutochoma dozi ya marekebisho kabla ya saa tatu kupita tangu ile iliyotangulia. Wako atapewa yake. Namba hizi za yuniti ni za mwanangu, usizichukue kama dozi ya mtoto mwingine.

Tangu tulipoanza kusubiri hivyo, daftari likabadilika. Yale mabonde na vilima vya kila siku vikapungua, na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kikashuka kutoka 9.4 hadi 7.6. Shabaha tuliyopewa ni chini ya 7, na siku hadi siku sukari ikae kati ya 3.9 na 10 kwa zaidi ya asilimia 70 ya muda. Angalia hiyo asilimia. Hata walioiweka shabaha wanajua kuwa mtoto atatoka nje ya mipaka kila siku. Kuijua hiyo mapema kungenipunguzia machozi mengi.

Lakini kuna mambo ambayo hayasubiri, na ni lazima uyajue kwa moyo. Mtoto anayetapika ni la kwanza. Akiwa mgonjwa na hali chakula, akili ya kawaida itakuambia acha insulini, hajala kitu. Ni hatari kubwa. Ugonjwa wenyewe hupandisha sukari na kutengeneza ketoni, hivyo insulini hupunguzwa au huongezwa kwa ushauri wa daktari, haikatwi. Tunampima sukari kila saa mbili, tunapima ketoni, tunampa maji kidogo kidogo. Ketoni za damu chini ya 0.6 hazina tatizo. Zikipita 1.5 tunampigia daktari simu papo hapo. Zikifika 3, au akitapika mfululizo, au akianza tena kuhema kwa kina, hatupigi simu, tunatoka nyumbani. Mfuko uko tayari nyuma ya mlango. Tumeubeba mara mbili kwa miaka minne, na mara zote mbili alirudi nyumbani bila kulazwa, kwa sababu tuliwahi.

Na kabla ya kuamini namba, mtazame mtoto. Mchana mmoja alikuwa anacheza vizuri kabisa, nikampima kwa mazoea, ikaja 17.9. Nikamdunga. Baada ya saa moja akaja akaniambia, "Baba, miguu yangu imelala." Ilikuwa 2.6. Alikuwa ametoka kula embe, vidole bado vinanata, na mashine ilisoma embe pamoja na damu. Sasa tunanawa kwanza, maji na sabuni, tunakausha, ndipo tunatoboa ubavuni mwa kidole ambako hakuumi sana. Namba isiyofanana na mtoto aliye mbele yangu naipima mara ya pili. Hilo la "miguu imelala" nalo nililiandika. Watoto hawasemi sukari imeshuka, kila mmoja ana lugha yake: mwingine hununa ghafla, mwingine hulia bila sababu, wangu miguu hulala. Mfundishe kila anayekaa naye lugha hiyo.

Chakula kilitushinda kwa muda mrefu. Unadunga insulini kwa ajili ya sahani nzima, naye anakula vijiko viwili na kuondoka. Tulimlazimisha, tukambembeleza, tukamfuata na bakuli nyumba nzima, akaanza kuelewa kuwa akikataa kula tunaingiwa na hofu. Kwa ruhusa ya daktari tukagawa dozi: sehemu kabla ya kula, kwa chakula tulicho na uhakika atakila, na inayobaki mara tu anapomaliza, kulingana na alichokula kweli. Inapendeza zaidi insulini ikitangulia chakula kwa dakika 10 hadi 15, lakini kwa mtoto wa miaka mitatu amani ya mezani nayo ina thamani yake. Hakuna chakula alichokatazwa moja kwa moja. Tulijifunza kukadiria wanga kwa mizani ya jikoni miezi ya kwanza, baadaye jicho likazoea.

Mchezo nao una deni lake. Akikimbia mchana kutwa, sukari inaweza kushuka saa nyingi baadaye, akiwa amelala, kwa sababu misuli inajirudishia akiba yake. Siku kama hizo ndizo ninazoamka usiku kumpima.

Kuna wiki moja sukari ilikataa kushuka kabisa. Tukaongeza dozi siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kumbe chupa ilikuwa imesukumwa hadi nyuma ya friji, ikagusana na barafu. Insulini iliyoganda huharibika hata kama ukiiyeyusha inaonekana kama kawaida. Tulipofungua chupa mpya na kuendelea na dozi zile kubwa, alianguka hadi 2.8. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, kwenye mlango wa friji, na inayotumika iandikwe tarehe, maana nyingi hudumu siku 28 tu baada ya kufunguliwa. Na ukibadilisha chupa inayoshukiwa, rudi kwenye dozi za zamani.

Kuhusu gharama nitasema kweli. Insulini si kitu pekee kinachokula pesa. Vijiti vya kupimia, kwa mara sita hadi kumi kwa siku, vilituzidi mapema. Kuna kipindi nilikuwa napima mara tatu tu ili vifike mwisho wa mwezi, na hicho ndicho kipindi alichoshuka mara nyingi. Kama itakubidi upunguze, kliniki ikuambie ni vipimo vipi vya kubaki. Usiamue peke yako kwa aibu kama mimi. Nilikuja kugundua kwamba muuguzi alikuwa na njia za kutusaidia muda wote ule, nami sikuwa nimemwambia. Baadaye tuliweza kupata kihisi kinachobandikwa mkononi na kusoma sukari mfululizo. Kimetupa usingizi. Lakini kinapima majimaji ya chini ya ngozi, hivyo huchelewa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa, na sukari inaposhuka kwa kasi bado tunatoboa kidole.

Mimi na mama yake tuligombana sana mwaka ule wa kwanza, karibu kila mara saa nane za usiku, karibu kila mara juu ya nani alaumiwe kwa namba. Tuliacha pale tulipogawana usiku: usiku wangu, usiku wake, na anayelala haulizwi kitu wala haulizi. Pia tuliacha kuita namba nzuri au mbaya mbele ya mtoto. Alikuwa ameanza kuniuliza, "Baba, nimekosea?" kila mashine ikilia. Tunasema juu, chini, au katikati.

Bibi yake aliogopa kumshika kwa karibu mwaka mzima. Tulimpa karatasi moja yenye mambo matatu tu: akiwa hivi, mpe hiki, kisha tupigie. Walimu wake wa chekechea tuliwapa karatasi hiyohiyo, na kikombe chenye mstari. Karatasi ndefu tuliyoandika mwanzo hakuna aliyeisoma.

Sasa yuko mbioni kutimiza miaka saba. Mwezi uliopita nilirudi nimechoka, ni zamu yangu, nikachukua mashine na kumwambia alete kidole. Akavuta mkono nyuma.

"Baba, subiri. Sijanawa."

Akaenda bafuni. Nikamsikia anafungua maji, anahesabu, anafunga. Akarudi anakausha vidole kimoja kimoja kwa taulo, akaninyang'anya kitobozi, akajitoboa mwenyewe.